Mtoto Aliyekataa Nyama

Kazi yangu yote, kwenye maabara hapa Moshi mjini, imekuwa ya swali moja. Nyama au maharage yakishasagwa tumboni yanabaki vipande vidogo mno, asidi amino. Vipande hivyo vinapitaje kutoka kwenye utumbo hadi kwenye damu? Vina milango yake. Na wapo watoto wanaozaliwa na mlango mmoja mbovu. Mtoto wa namna hiyo akila nyama nyingi, mwili uliokosa vipande hivyo unashindwa kusafisha taka ya nyama, damu yake inajaa sumu, anatapika, analala usingizi usioeleweka. Asipowahiwa anaweza asiamke.

Niliomba fedha za kuwatafuta watoto hao huku kwetu. Kamati ikanijibu kwamba huo ni ugonjwa wa Ulaya, hapa haupo, na kama upo niwaambie nina wagonjwa wangapi. Hasira ile ninayo mpaka leo. Unasemaje kitu hakipo wakati hujawahi kukipima? Mwenzangu mmoja akanishauri nihamie malaria kama watu wenye akili zao.

Kumbe ugonjwa usiokuwepo ulikuwa unalala nyumbani kwa kaka yangu, huko Rau.

Binti yake ana miaka minne, mwili wa mtoto wa miwili. Nyama anaitema, maziwa anayasukuma, anachotaka ni ndizi tu. Kliniki walimwambia wifi yangu amwongezee mayai, maziwa na nyama. Wifi ni mtu msikivu, akaongeza. Ushauri ule ungemfaa mtoto mwingine yeyote mlimani.

Mimi nilikuwa nimeanza kushuku, nikawaomba wasimpe nyama mpaka nimpime. Wakaitikia, kisha Krismasi ikafika, tukapanda wote mlimani, nyumbani kwa wazazi, kama kila mwaka, na baba akachinja mbuzi. Kwetu mzee akichinja huwagawia wajukuu kwa mkono wake mwenyewe, na mkono wa babu haukataliwi. Binti akaukataa. Watu wakacheka, wakauliza huyu ni Mchagga gani asiyekula nyama. Shangazi yangu akampakata, akamziba pua ili mdomo ufunguke, akamlisha kipande baada ya kipande.

Nilipotoka jikoni nikaona, nilimpokonya mtoto, na nyama iliyobaki nikaitupa chini, miguuni pa baba, mbele ya wageni. Baba hakupaza sauti. Alisema shule imenifundisha kila kitu isipokuwa adabu.

Kabla jua halijazama mtoto alikuwa anatapika na hamtambui mama yake. Tukashuka naye mbio hospitali. Daktari aliyekuwa zamu akataka kuanza na dawa ya malaria. Nikasimama mlangoni nikakataa kutoka mpaka wapime ile sumu. Waliipima. Wakamtundikia dripu ya sukari na dawa ya kuitoa, na kesho yake akaamka anaomba ndizi. Baadaye, maabarani kwangu, nikaukuta mkojo wake umejaa asidi amino zilezile ambazo damu yake ilikuwa inazililia.

Nilipanda tena nyumbani na majibu yangu, nimejiandaa kwa ugomvi. Baba hakuwepo. Mama alikuwa anamenya ndizi za mtori. Nikamweleza yote kwa ukali, kwamba mtoto hakuwa mkaidi, kwamba ni ugonjwa wa kurithi, na kwamba mlimlisha sumu huku mnacheka.

Mama akaweka kisu chini. Kuna kaburi dogo kihambani kwetu, kwenye shamba la migomba la ukoo, la kaka yangu aliyefariki kabla sijazaliwa. Tumekua tukiambiwa aliugua ghafla baada ya sherehe ya ubatizo wa mdogo wake, na kwamba ni kijicho cha watu.

"Naye alikuwa hataki nyama," mama akasema. "Nilikuwa namziba pua."



"Kwa hiyo sumu nilimlisha mimi?" akaniuliza.

Nikamwambia hakuna aliyemfundisha vingine. Akaokota kisu, akaendelea kumenya, machozi yanadondokea kwenye ndizi. Hasira niliyopanda nayo dhidi yake ikanitoka palepale, lakini haikwenda mbali. Ilirudi kwa wenyewe, wale wa kamati waliokaa mezani wakaniambia ugonjwa haupo.

Nimeandika ombi lilelile, sikubadilisha hata neno. Wakiniuliza tena nina wagonjwa wangapi, ninao wawili. Mmoja yuko Rau anakula ndizi. Wa pili hawezi tena kupimwa. Yuko kihambani kwetu, chini ya migomba.