Kwa Sauti ya Chini

Siku hizi nikisema kwamba nilisoma muziki enzi za Mwingereza, watu hudhani niliimba kwaya tu shuleni. Kwaya niliimba, ndiyo, lakini muziki niliusoma kama watu wanavyosoma hesabu, kwa daftari na rula na kufutafuta, miaka miwili mizima. Chuo chetu kilikuwa nje ya Temeke, mahali palipokuwa kambi ya askari wakati wa vita. Madarasa yalikuwa mabanda ya mabati. Masika ikianza kumwaga, mwalimu alifunga kinanda nasi tukakaa tunatazamana mpaka mvua ikatike, maana mtu alikuwa hasikii hata kikohozi chake mwenyewe.

Tulikuwa wanafunzi sita, wasichana wawili. Asubuhi ilikuwa nadharia. Tulichora mistari mitano, tukapanga noti juu yake, tukatafuta makosa ambayo mimi mpaka leo sioni yana ubaya gani. Ukiandika sauti mbili zinazokwenda sambamba kwa namna fulani, unapigiwa mstari mwekundu, na ukiuliza kwa nini, unaambiwa haifai. Saa nne kila mmoja alikwenda kwenye chombo chake. Changu kilikuwa kinanda, na hicho kinanda ndani yake iliwashwa taa ndogo mchana na usiku ili unyevu wa Pwani usikiozeshe, lakini bado vibao viwili vilikuwa vinashuka bila kurudi. Nilijifunza kuvinyanyua kwa kidole gumba huku nikiendelea kupiga.

Alasiri tulipiga pamoja, wote sita, na hapo ndipo palipokuwa na vituko. Mwenzetu mmoja alitoka Kinondoni kwenye nyumba ya watu wa taarabu, na fidla alikuwa anaichezea tangu utotoni. Kila noti aliifikia kwa kuiteleza, kwa madaha, na kila mara mwalimu alisimamisha wimbo. Mwingine alitoka kule Ziwani. Huyo alipiga filimbi vizuri sana, lakini Kiswahili chake kilikuwa kichekesho. "Kitabu yangu," "maji hii," basi sie wa Dar es Salaam tulikuwa hoi. Mimi ndiye niliyemcheka kuliko wote, nakiri. Nilikuwa na mdomo.

Mwalimu wetu alikuwa mama wa Kizungu, mtu mzima, mrefu, ambaye tulimwita Bibi. Alikuwa mwema, na nasema hivyo bila kejeli. Alifundisha kwa Kiingereza, lakini nje ya darasa alisema Kiswahili, na alikipenda kama mtu anavyopenda nguo aliyojishonea mwenyewe. Alikisoma katika vitabu kabla hajapanda meli. Nikiimba barazani wakati wenzangu wanasoma, alitoa kichwa dirishani akasema, "Kwa sauti ya chini, tafadhali," nami nikapunguza. Sauti yangu ilikuwa kubwa, kila mtu alijua.

Sasa nieleze jambo lililokuwa linanikosesha usingizi. Kila baada ya miaka miwili, mwanafunzi mmoja wa chuo chetu alipelekwa Uingereza kusoma muziki chuo kikuu. Mmoja tu. Wengine watano walipangiwa shule za msingi wakafundishe watoto kusoma na kuhesabu, na nyimbo kidogo Ijumaa kama muda umebaki. Niliitaka nafasi ile mpaka nikawa mtu mbaya. Mwenzangu akikosea nilifurahi. Nilitaka kujua kuandika muziki wenyewe, sauti zote nne, sio kuimba tu ulioandikwa na watu waliokufa zamani, na hapa kwetu hapakuwa na mtu wa kunionyesha. Baba, aliyekuwa karani na Mkristo wa kuja kutoka bara, alishawaambia majirani zetu wote wa Temeke kwamba binti yake anakwenda Ulaya. Nilimwomba asiseme, naye aliendelea kusema.

Aliyechagua hakuwa Bibi. Alikuwa mtahini aliyetoka kwao kwa meli, akizunguka nchi hata nchi kusikiliza watu, na neno lake halikuwa na rufaa. Mtihani ulikuwa na sehemu tatu: nadharia kwa kuandika, chombo, na sikio. Nadharia niliiweza. Kinanda nilikiweza, pamoja na vibao vyake vibovu. Sikio ndilo sikuliogopa hata kidogo, kwa sababu sehemu ngumu ya mtihani wa sikio ilikuwa hivi: mtahini anapiga wimbo mfupi wenye sauti mbili kwa pamoja, halafu wewe unaimba ile ya chini yake, iliyofichwa na ya juu. Wengine walitokwa na jasho hapo. Mimi nilizaliwa hapo. Mama yangu kanisani aliimba sauti ya pili, nami nilisimama kando yake tangu nikiwa sifiki kiunoni mwake, nikaimba sauti ya pili. Wale wa sauti ya kwanza wimbo ni wao, wanaringa nao. Sisi wa pili tunasikiliza. Hata leo wimbo ukipigwa redioni, sikio langu linakwenda kwanza kwenye ile sauti ambayo watu hawaifuati.

Siku ya mtihani tulikaa kwenye benchi nje ya banda, tumepiga pasi mpaka nguo zinakwaruza. Mimi niliitwa wa pili. Mtahini alikuwa mzee mwekundu, mpole, mwenye leso mkononi. Nilipiga kinanda, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilipiga makofi ya mapigo aliyotaka, nikarudia wimbo alioutaka. Ndipo Bibi, aliyekuwa amesimama pembeni, akamwambia jambo kwa Kiingereza, kwamba wanafunzi wake wana hofu na wakielezwa kwa lugha yao watatulia. Mzee akasema sawa. Alifanya kwa wema, nimeshasema alikuwa mwema.

Mzee akapiga wimbo wa sauti mbili. Akamwita Bibi karibu, akamwambia neno sikioni. Bibi akanigeukia, akatabasamu, akaniambia taratibu, kila neno mbali na mwenzake, "Sasa imba, kwa sauti ya chini."

Nikaimba kwa sauti ya chini. Niliimba ule wimbo uliokuwa juu, unaosikika na kila mtu, kwa upole ambao sijawahi kuimba nao tena. Nilidhani ile sehemu ya sauti ya pili bado inakuja, na kwamba mzee kaumwa kichwa kwa makelele yangu, au anataka kuona kama naweza kujizuia. Nilijizuia. Nilijiona nimefanya jambo zuri kabisa. Mzee alinyanyua nyusi, akapiga wimbo tena, akamwambia tena Bibi sikioni, na Bibi akarudia maneno yaleyale, safari hii akibonyeza kiganja chake kuelekea sakafuni. Chini. Chini zaidi. Nikapunguza mpaka nikawa nanong'ona. Mzee akaandika, akanishukuru, nikatoka nikishangaa kwamba sauti ya pili sikuulizwa.

Yule wa Ziwani alikuwa wa nne. Alipotoka alikuja kukaa karibu nami akijipepea na daftari.

"Wamekwambia nini kwenye sikio?" nikamuuliza.

"Ile sauti mbili? Bibi alisema Kiswahili yake, mimi sijaelewa kitu. Nikamuuliza yule mzee mwenyewe kwa Kiingereza. Akasema anataka sauti ya pili. Nikaimba."

Nikawageukia wenzangu. Yule wa Kinondoni, aliyeimba wa kwanza, akasema polepole, "Mie nimeimba kwa kunong'ona." Msichana mwenzangu akasema na yeye. Wote tulioingia mle tunakijua Kiswahili tulimnong'oneza mzee wa watu wimbo uleule, mmoja baada ya mwingine, na sijui alifikiri sisi ni watu gani. Aliyesalimika ni yule aliyekuwa hakijui.

Mlango ulikuwa hatua kumi. Ndani wa tano alikuwa anapiga kinanda. Nilisimama, nikafika mpaka kwenye ngazi, nikaishia hapo. Ningeingia niseme nini? Kwamba Bibi amekosea Kiswahili, mbele ya mgeni wake, katikati ya mtihani wa mtu mwingine? Mimi niliyekuwa na mdomo kwa kila mtu, siku ile mdomo haukufunguka. Nilisimama pale juani mpaka mtihani ukaisha, wakatoka wanazungumza, mzee akaingia kwenye gari na Bibi akampungia mkono. Nilijichukia sana.

Nilimweleza Baba nilipofika nyumbani. Meli ya yule mzee ilikuwa bado bandarini siku mbili, na barua moja ya Bibi ingetosha: huyu binti hakuelewa, msikilize tena. Basi asubuhi yake Baba alivaa koti lake, tukaenda kwa miguu mpaka nyumbani kwa Bibi. Alitukaribisha barazani, akatupa chai. Baba akasalimia, akauliza hali, akauliza hali ya bustani, mpaka nikaona nitapasuka. Mwishowe nikasema mwenyewe.

"Bibi, samahani. Jana uliniambia niimbe kwa sauti ya chini. Kwetu hiyo ni kuimba polepole, mtu asisikike mbali. Ungesema sauti ya pili ningeimba. Naijua. Naweza kuimba sasa hivi."

Bibi alisimama. Akaingia ndani, akatoka na kamusi, akaiweka mezani kati ya vikombe. Kidole chake kilishuka kwenye ukurasa mpaka kikafika.

"Chini," akasoma. "Chini ni chini, mwanangu. Sauti iliyo chini ya nyingine. Sikusema vibaya." Akamgeukia Baba. "Au nilisema vibaya?"

Nilimtazama Baba. Alikuwa anajua. Jana yake tu, nilipomweleza, alipiga paji lake la uso kwa kiganja kabla sijamaliza sentensi. Alikuwa na Kiswahili cha kuandikia barua za ofisi nzima.

"Hapana, Bibi," akasema. "Chini ni chini."

Bibi akafunga kamusi. Akasema yule bwana amechoka na safari, na kwamba si vizuri kumsumbua, na kwamba kukosa si mwisho wa dunia, na mimi bado nina kipaji. Chai yangu ilikuwa imepoa. Niliinywa yote kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

Njiani sikusema na Baba. Tulifika mpaka karibu na Keko ndipo alipoongea, bila kunitazama.

"Ulitaka nimwambieje, mama? Nimwambie hajui? Mbele ya kamusi yake?"

"Ndiyo," nikasema.

"Ndiyo," akasema naye, kama anayejaribu neno kinywani. Majirani hakuwaambia kitu tena. Nilimkasirikia mwaka mzima, na sikumwelewa mpaka nilipokuwa na watoto wangu na kukaa mbele ya meza za watu wenye mihuri.

Majibu yalikuja kwa posta. Yule wa Ziwani alipata nafasi, na aliistahili, filimbi kama yake sijasikia nyingine. Alikuja kuniaga, akaniambia kwa Kiswahili chake, "Hii nafasi ni yako, dada," nami nikamwambia aende zake kabla sijalia, akaenda. Karatasi yangu ilikuwa na alama za juu kwenye nadharia na kwenye kinanda. Kwenye sikio mzee aliandika mstari mmoja kwa mwandiko mzuri, kwamba mtahiniwa huyu, pamoja na sauti yake tamu, hana uwezo wa kuisikia sauti ya pili.

Niliisoma mbele ya Mama. Hakujua Kiingereza, akaniuliza imesemaje. Nikamwambia nimeshindwa hesabu za noti.

Nikapangiwa shule ya msingi hukohuko Temeke, darasa la kwanza, watoto hamsini na kitu. Chuo hakikuwa mbali, na miaka miwili baadaye, mtihani ulipofika tena, Bibi aliniletea ujumbe kuomba nije nimsaidie siku hiyo: kukaa nje na orodha, kuita majina, kuwatuliza wanafunzi. Nilitaka kukataa. Nilikwenda, kwa sababu alikuwa mwalimu wangu na mtu hakatai.

Mtahini alikuwa mwingine, kijana kidogo. Niliita jina la kwanza, msichana wa Kigamboni, nikamfungulia mlango, nikaurudisha nyuma yake. Ukuta wa bati haufichi kitu. Nilimsikia akipiga kinanda, nikasikia vile vibao viwili vikikwama. Nikasikia mtahini akipiga wimbo wa sauti mbili, halafu Bibi, taratibu, kila neno mbali na mwenzake:

"Sasa imba sauti ya pili."

Msichana akaimba sauti ya pili, bila shida yoyote, mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nimeshika orodha kwa mikono miwili. Mlango ukafunguliwa, Bibi akatoa kichwa kuomba anayefuata, macho yetu yakakutana, na akawa wa kwanza kuyaondoa. Niliita jina la pili. Sauti ilitoka ndogo mno, na ilinibidi niite tena.