Gavana Aliyeshindwa Mara Mbili

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kijiji kimoja jirani na Butiama kilipopata mgeni mzito hata mbuzi wakafungwa mapema wasimkatize njia: gavana wa jimbo moja la Marekani. Ni miaka ile vyama vingi vimerudi, sukari imeonekana tena madukani baada ya dhiki ndefu, na sokoni Bunda kila mtu ni mfanyabiashara. Gavana alikuja kuona kisima kilichochimbwa na waumini wa kanisa lake la Marekani. Mimi, mwalimu kijana wa Kiingereza kutoka Musoma, niliitwa kutafsiri.

Nilikwenda na moyo mzito. Wiki chache nyuma nilikuwa nimegombea udiwani Nyakato ya Musoma, nikaangushwa vibaya. Tangu hapo nilipita njia za uani nisionane na watu, na nilikwisha kuamua kuhamia Mwanza. Aibu, mwanangu, ni mzigo usio na ngata.

Gavana akasimulia maisha yake. Alizaliwa kwa mfuga ng'ombe wa maziwa, akafundisha shule, akaingia siasa. Akagombea, akashindwa. Akagombea tena, akashindwa. Mara ya tatu ndipo akapata. Mimi nikatafsiri ng'ombe, nikatafsiri shule, kisha nikaruka moja kwa moja hadi kwenye ushindi! Kwetu mgeni hatangaziwi kuanguka kwake mbele za watu, nami nilidhani namsitiri. Wazee wakapiga makofi ya adabu.

Gavana akanigeukia kwa upole. "Mwalimu, kwetu watu hucheka nikifika hapo. Hawa mbona hawacheki? Umewaambia nilishindwa?"

Nikakiri kwamba nimeruka. Nikawaeleza wazee yote, pamoja na alivyosema kwamba kila aliposhindwa alizunguka nyumba kwa nyumba kushukuru, hata kwa waliomnyima kura. Lo! Vicheko na vigelegele vikatanda. Mama yake mwenyekiti wa kijiji, bibi kizee aliyekaa mbele, akaniita.

"Wewe binti, ulimficha mgeni wetu kwa nini?"

"Nilimwonea aibu, bibi."

"Ulijionea aibu mwenyewe! Si tumesikia ulikuwaga unagombea huko Musoma? Umeenda kuwashukuru watu?"

"Bado."

"Mficha uchi hazai, mjukuu wangu. Sisi mtu akipewa anaendaga kushukuru, akinyimwa anaendaga kusalimia. Nenda!"

Kesho yake nikaenda Nyakato. Nilianza kwa fundi cherehani mmoja, mzee wa Kiislamu aliyekuwa amenipinga waziwazi. Alinitazama, akacheka hadi kofia ikamdondoka.

"Karibu, mwalimu! Tulidhani umetususa."

Mkewe akaleta ugali na sato. Nikawaambia habari za Mwanza. Mzee akaacha kula.

"Kura nilimpa mwenzako, na sijuti. Lakini ukihama, watoto wetu watafundishwa na nani?"

Nilifurahi, mwanangu, hata machozi yakanitoka juu ya ugali wa watu. Nilikuja kuchaguliwa baadaye, lakini furaha ya siku ile sikuipata tena. Sikuhama.

Basi shika haya. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ukishindwa usijifungie ndani. Toka ukawasalimie hata waliokunyima, kwa sababu ndio utakaoishi nao. Mungu akujalie ushindi, mwanangu. Na siku atakapokunyima, akupe nguvu ya kwenda kupiga hodi, na wa ndani waitikie karibu.