Nilivyomruka Mwende

Nilipokuwa na miaka minane, kwetu Kathiani, niliamini kwamba nimemlemaza dada yangu. Mtoto hakuruhusiwa kumruka mtu aliyenyoosha miguu. Ukimruka, unaruka tena kurudi ulikotoka, la sivyo mwenzako hatakua. Mwende, mkubwa wangu kwa miaka minne, alikuwa ameketi uani akipukuchua mahindi. Nilimruka nikifukuza mbuzi aliyeingia shambani, nikasahau kurudi.

Miezi michache baadaye akaanza kukonda. Shingo ikatoka vinundu, tumbo likajaa, mgongo ukamuuma hata kuinama kukawa kazi. Mama alitaka apelekwe hospitali ya Machakos, asije akawa na kifua kikuu. Susu, nyanya yetu, akamuuliza ni kifua gani hicho kisicho na kikohozi. Na kweli Mwende hakuwa akikohoa. Kwa Susu hiyo ilikuwa thavu, laana ya mwiko uliovunjwa, na aliyeuvunja alikuwa humo humo nyumbani.

Nilipomwona Mwende akishika ukuta ili atembee, nikashindwa kuvumilia. Nilimwambia Susu yote.

"Basi urudi," akasema. "Mruke tena, atapona."

Mwende akanyoosha miguu mkekani, nikaruka. Susu alinikumbatia. Hata mama alitulia, na habari za hospitali zikaisha. Tulingoja wiki tano. Ya sita miguu ikakataa kabisa, baba akambeba mgongoni hadi stendi. Daktari alisema ni kifua kikuu, ila kilikuwa kimeshaingia kwenye tezi, tumbo na uti wa mgongo. Mwende alimeza dawa mwaka mzima. Alipona na kutembea, lakini kibyongo kilibaki. Susu alikufa akiamini kwamba bila kuruka kwangu Mwende asingefika hospitali akiwa hai.

Mwaka jana nilimwomba Mwende msamaha. Akanicheka.

"Shingo ilikuwa imefura kabla uniruke," akasema. "Nilikuwa naificha na leso. Niliogopa sindano."

Nikamuuliza mbona hakusema hata siku ile ya mkekani.

"Nyinyi wote mlikuwa mmefurahi sana. Ningesema nini?"

Nilidhani maneno hayo yangenipa nafuu. Hayakunipa. Susu sina ugomvi naye, alitupenda kwa kile alichokijua. Kinachoniuma ni zile wiki tano tulizokaa tukishangilia, na katika nyumba nzima ni Mwende peke yake aliyejua kwamba haponi.