Klorini Kwenye Mapanki

Miaka ya tisini nilikuwa kibarua kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, Mwanza. Kabla ya kuingia tulichovya mikono kwenye ndoo ya klorini, kisha msimamizi akatunusa viganja kama mbwa. Asiyenuka dawa alirudishwa kuchovya tena. Kucha zangu zilipauka, ngozi ikachanika katikati ya vidole.

Minofu ilikwenda Ulaya. Sisi tulibaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa.

Jioni moja nilifika nyumbani Igoma miguu ikiniuma, nikamkuta mama ameloweka mapanki kwenye beseni. Alikuwa ametia kifuniko kizima cha klorini niliyomletea ya kufulia mashuka.

“Shikamoo, mama. Hiyo ya nini?”

“Marahaba. Si ndiyo wanayosafishia samaki wa Wazungu?”

Sikuwa na nguvu ya kumweleza kwamba wanaosafishwa nayo ni sisi. Aliyasuuza, akayapika, tukala na ugali.

“Unasikia harufu ya dawa?” akaniuliza.

Nikamwambia sisikii tofauti. Sikumdanganya. Tangu nianze kazi ile, kila tonge nililopeleka mdomoni lilinuka hivyo hivyo.