Waya Uliopanda Ngazi

Keti nikusimulie, wewe unayetaka kutia chaja ya gari la umeme nyumbani kwako. Nilikuwa fundi stima hapa kisiwani tangu ujana wangu.

Siku ya kwanza kazini nilitoka kijijini Rabai na viatu vya kuazima. Fundi Mkuu wa karakana yetu, nyuma ya soko la Marikiti, alinitazama miguu akauliza, "Wewe ndiwe uliyevaa viatu, au viatu ndivyo vilivyokuvaa?" Wenzangu wakacheka. Kisha akanivuta kando. "Kwa watu utaingia na macho na mikono. Ulimi uache mlangoni. Mji wa Kale hawapendi kuulizwaulizwa." Niliishika adabu hiyo miaka yangu yote.

Baadaye nilihamishiwa karakana ya Bondeni, chini ya Mkaguzi, mtu mkali aliyenifundisha kuhesabu mzigo. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua wati za kila chombo, gawanya kwa volti mia mbili na arubaini, utapata ampea, yaani kiasi cha stima kinachopita kwenye waya. Jumlisha vyombo vinavyoweza kuwaka pamoja, kisha linganisha na kiwango cha kebo kuu, ile inayoingia kutoka barabarani. "Kebo haina haya," Mkaguzi alizoea kusema. "Ukiizidishia, itakuumbua."

Nilipostaafu, niliendelea na vibarua vya hapa na pale. Ndipo aliponiita Bi Rukia, mwalimu mjane wa Mji wa Kale, ambaye mwanawe alikuwa amenunua gari la umeme. Nyumba yake ilikuwa pembeni, gari laweza kufika mlangoni. Ghorofa ya juu akiishi Bi Zena, mpangaji wake wa siku nyingi, mgonjwa wa miguu, aliyejikimu kwa kuoka mikate ya sinia.

Nilihesabu hita ya kuogea, kiyoyozi, pasi, birika, friji na pampu ya maji. Jumla ampea arubaini na mbili. Kebo kuu ilistahimili sitini. Chaja kubwa ingevuta thelathini, kwa hiyo niliikataa, nikachagua ndogo ya kumi na sita. Hamsini na nane. Ilitosha, lakini kwa kubana.

Bi Zena alinichungulia kutoka juu. "Fundi, hilo gari lenu lanyonya kama mtoto mchanga?"

"Lanyonya na kulala, mama."

"Basi lina heri kuliko marehemu mume wangu. Yeye hata kulala alikuwa halali!"

Sote tulicheka. Na hapo, kando ya swichi kuu, niliuona waya mmoja uliopakwa chokaa pamoja na ukuta, ukipanda na ngazi. Nilijiambia ni wa taa ya ngazini. Moyoni nilishuku wafika mbali zaidi. Sikuuliza.

Haikupita wiki mbili tangu niifunge chaja. Alasiri moja gari likichajiwa, hita ikiwaka, nguo zikipigwa pasi, na vyombo vingine vyote vikitumika, Bi Zena naye aliwasha jiko lake la kuokea, ampea kumi na mbili nyingine. Swichi kuu haikati stima papo hapo kwa ziada ndogo; huvumilia. Kiungo cha ule waya pale swichi kuu, ambapo mzigo wote ulipita, kilikuwa kimelegea; hakikuvumilia. Moto ulishika chini ya ngazi, moshi ukapanda juu. Majirani walimteremsha Bi Zena dirishani. Alifariki siku ya tatu hospitalini.

Nilipokwenda kutoa pole, eda haikuwa ya Bi Rukia, lakini alikuwa amejifunika kama mwenye eda. "Alikatiwa stima yake mumewe alipokufa," aliniambia. "Nikampa yangu. Ningekwambiaje, fundi, naye yuko pale juu asikia? Ingekuwa kumsimbulia, kumtajia wema niliomtendea."

"Nami niliuona waya, Bi Rukia."

"Amri ya Mungu," alisema, akanimiminia kahawa. Laiti angenitukana.

Vifaa vyangu niliwagawia mafundi wengine. Adabu niliyofundishwa ilikuwa njema, na watu wa mji huu husitiriana vizuri. Mimi ndimi niliyepaswa kujua pa kuikiuka. Wewe una nafasi bado. Kabla hujaleta chaja, chagua asubuhi moja, waarifu wote nyumbani, kisha zima swichi yako kuu. Panda juu, zunguka uani, bisha hodi kwa jirani, na yeyote aliyezimikiwa, mtie katika hesabu.