Siku Niliyomtangaza Baba Kuwa Mwizi wa Mtoto Wake

Hii kitu sipendi kuisimulia, na wenzangu wakiianzisha mimi huondoka kwenda kununua maji hata kama sina kiu, lakini leo mmenishika, basi wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa vibaya na mtu mwingine (ingawa, kusema kweli, hakuna namna ya kuiambia vizuri). Najua wengi wenu mlicheka wigi. Video ya wigi mliiona wote, na kuna mtu hapa aliifanya hata stika, namjua. Lakini yaliyotangulia wigi hamkuyaona, na hayo ndiyo mpaka leo yananitia baridi mgongoni.

Wakati huo nilikuwa ripota wa kituo kidogo cha redio hapa Kisumu, kile cha watu wachache ambapo ripota ndiye pia anaendesha ukurasa wa mtandaoni, ndiye anajibu grupu ya wasikilizaji, na ndiye anachemsha chai mhariri akipata wageni. Siku hizi habari zetu nyingi zinaanzia kwa simu. Mtu wa Nyalenda anatuma picha ya mafuriko, mvuvi wa Dunga anatuma sauti kwamba boti imezama, nami kazi yangu ni kuangalia kama ni ya leo ama ni ya mwaka gani, nimpigie aliyetuma, nimpigie chifu, ndio niandike. Bwana Njoroge, mhariri wangu, hakuwa na swali lingine. "Quinter, umepiga simu?" Ukisema bado, anarudi kwa gazeti lake kama vile hujaingia ofisini.

Jumamosi hiyo Bwana Njoroge alikuwa ameenda harusi. Nilikuwa peke yangu, nakula ndizi, na video ikaingia kwenye grupu. Imechukuliwa kutoka dirisha la ghorofa, Migosi. Mwanaume mwenye ndevu na jaketi ya kijani anapanda bodaboda, amembeba msichana mdogo, mtoto anarusha miguu na kulia "Nataka mama! Nataka mama!" na yule mwanaume amemkandamiza uso kwa mkono. Pikipiki inaondoka. Chini mtu ameandika: *Mtoto ameibwa Migosi sasa hivi, sambaza.*

Nilipigia aliyetuma. Simu yake ilikuwa imezimwa. Sasa hapo ndipo ningeweka simu chini nimalize ndizi yangu, ama nichukue boda niende Migosi, si ni hapo tu? Lakini wiki ile kuna ukurasa mwingine ulikuwa umetushinda habari mbili mfululizo, na roho ikaniambia ukingoja utakuta wameweka, na kama huyo mtoto ameibwa kweli je, utalala? (Unaona vile shetani anajua kuvaa nguo za huruma.) Nikaiweka, na nembo ya kituo juu yake, na maneno yangu mwenyewe: *Je, unamjua mwanaume huyu? Anashukiwa kuiba mtoto mtaani Migosi.* Hilo neno "anashukiwa" niliona ni kinga tosha. Nikajipongeza hata.

Watu walikuja kama nzige. Simu ilitetemeka mezani mpaka ikaanza kutembea. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikawa nasoma maoni nikitabasamu, na katikati ya hayo matusi nikaona mwanamke ameandika: *Huyo ni mume wangu na huyo ni mtoto wetu. Tafadhali toeni hii kitu.* Watu walikuwa tayari wamemrukia, ati naye ni wa genge. Niliisoma. Nikafikiri, mitandao haikosi watu wa mzaha, nikaipita.

Kisha mtu akaandika: *Ameonekana Manyatta.* Mwingine: *Tumempata. Amejificha kwa kliniki.* Na chini yake, bila hata alama ya mshangao, kama mtu anayeagiza chumvi dukani: *Leteni tairi.*

Jamani, mnajua hapa kwetu tairi ni ya nini. Ndizi niliiacha mezani. Nikarudi juu kutafuta maneno ya yule mwanamke, sasa nayatafuta na vidole vinateleza kwa jasho, nikayapata, nikafungua ukurasa wake, na picha ya kwanza kabisa ni yeye, yule mwanaume mwenye ndevu, na yule mtoto amekaa mabegani pa baba yake ameshika masikio yake mawili kama usukani.

Nikafuta. Nilidhani nikifuta imeisha. Kumbe watu walishaibeba, inazunguka kila grupu na nembo yetu, sasa imeandikwa *Redio imethibitisha*, na kufuta kwangu kukawa ushahidi mpya: *Wamefuta! Wamelipwa!* Nikaandika kwamba si kweli, hakuna aliyesoma. Nikampigia Bwana Njoroge, nasikia ngoma na vigelegele, nikamwambia kwa sentensi moja. Akasema, "Mimi napigia polisi. Wewe nenda. Ulimpeleka huko, nenda umtoe."

Nikachukua boda. Kijana aliyenibeba akaniuliza, "Madam, Manyatta kuona yule mwizi wa mtoto? Shika vizuri, tukichelewa tutapata jivu." Nikamwambia endesha. Njia yote niliomba, na ombi langu lilikuwa la kijinga, nilikuwa naomba mvua, ati mvua kubwa inyeshe izime kila kitu, na juu jua limewaka hakuna hata wingu.

Nje ya kliniki watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Ni kliniki ya chumba kimoja, mlango wa chuma, na ule mlango ulikuwa unapigwa mawe, ngo, ngo, ngo, na katikati ya ngo na ngo unasikia mtoto ndani akilia. Tairi niliiona. Ilikuwa imeegemezwa kwa ukuta kama kitu kinachongoja mwenyewe. Kando yake mwanaume mmoja ameshika chupa ya soda, na ndani haikuwa soda.

Na unajua kilichoniogopesha zaidi? Walinishangilia. Mama mmoja alinitambua kutoka kwa ukurasa wetu, akapiga kelele, "Mwandishi amefika! Mpisheni! Quinter ndiye alitufungua macho!" Wakanipisha. Wakanipandisha juu ya meza ya muuza nyanya, simu zote zikainuliwa kunielekea, na mtu akasema, "Ongea, dada, tuko live."

Nikafungua mdomo, sauti ikatoka nyembamba kama ya mbu. Nikasema, "Mimi ndiye niliweka ile video. Nilikosea. Huyo ni baba ya mtoto."

Mwanaume wa chupa akauliza, "Umelipwa pesa ngapi?"

Hapo mambo yakageuka. Wakaanza, "Amelipwa! Ni wao! Wako pamoja!" Nikapiga kelele kwa Dholuo, nikapiga kwa Kiswahili, nyanya ya kwanza ikanipata kifuani, ya pili sijui ilienda wapi, mtu akanivuta mkono, mwingine akanishika kichwa, na wigi langu likabaki mkononi mwake. Nikaanguka pamoja na meza. Mimi hapo chini, nywele zangu za matuta ya zamani zimetokeza pande zote, nyanya usoni, simu zinanimulika, na nikafikiri, sasa tairi itatutosha wote wawili.

Aliyetuokoa hakuwa mimi. Alikuwa mwanamke aliyekuja mbio kutoka Migosi, kiatu kimoja mguuni, anawapasua watu kwa viwiko. Sikumjua mpaka alipofika mlangoni akauegemea kwa mwili wake wote, mahali pale pale mawe yalikuwa yanatua, akaita, "Tracy! Tracy nyathina, mwanangu!" Na ndani kile kilio kikakatika, ikatoka sauti ndogo: "Mama, Baba anatoka damu."

Basi. Mawe yalikoma. Niliona mwanaume wa chupa akiiangalia chupa yake kana kwamba mtu mwingine amemwekea mkononi, kisha akajichanganya na watu akaenda. Polisi walipofika, uwanja ulikuwa na nyanya na mimi.

Muuguzi, Sista Rose, aliyewavuta ndani watu walipoanza kumpiga baba, ndiye alifungua. Baba Tracy alikuwa amekaa sakafuni, jicho limefura limefungika, shati limeraruka, na mtoto amemng'ang'ania shingoni. Tracy alikuwa ameingiza maharagwe puani akicheza. Baba yake alikuwa anamkimbiza kwa hiyo kliniki, na ule mkono usoni ulikuwa wa kumzuia asiyasukume ndani zaidi kwa kidole. Hayo tu. Maharagwe.

Mama Tracy akaniangalia kutoka kichwani hadi miguuni. Hakunitukana. Aliuliza, "Ule ujumbe wangu, uliuona?"

Ningeweza kusema sikuuona. Nilisema, "Niliuona."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kumpangusa mumewe damu, na kutoka hapo hakuniongelesha tena.

Kituo kilinisimamisha kazi, na kikaomba radhi hewani, na mimi nikaomba yangu, mara ya kwanza redioni, mara ya pili nyumbani kwao Migosi nikiwa na Bwana Njoroge. Waliipokea kwa heshima na chai, lakini walikuwa tayari wanafunga vyombo. Walihamia Awasi, kwa ndugu ya Baba Tracy. Juzi Baba Tracy mwenyewe alinipigia, si kwa ugomvi, alitaka nimsaidie kuandikia grupu fulani ambayo bado inaisambaza ile video, sasa ati mambo yametokea Nakuru. Tukaongea kidogo. Nikamuuliza Tracy anaendeleaje. Akasema yuko sawa, ameanza shule, na yeye ndiye humpeleka asubuhi, lakini hatoki naye nyumbani, hata kwenda dukani kununua maziwa, bila cheti cha kuzaliwa cha mtoto mfukoni.

Nilirudishwa kazini, mnajua. Na nimeapa: video inaweza kuwa imesambaa dunia nzima, wengine wanaweza kunishinda kila siku, mhariri anaweza kunifukuza, mimi kama sijafika na kuongea na mwenye ile sura, siiweki. Kama nimechelewa, nimechelewa.