Mafiga Kwenye Matete

Kwetu Ludewa, ukanda wa ziwani, mwanamke alipimwa kwa ufagio. Uwanja ulifagiliwa kutoka mlangoni hadi maji yanapogusa mchanga. Likionekana jani, maneno yanaanza: huyu mvivu, huyu anafuga nyoka. Na kila masika ziwa lilitumegea uwanja, nasi tukailaumu mvua.

Jirani yangu Mektilda alichoka kulaumu mvua. Mumewe, Romani, alizikwa palepale uwanjani, upande wa ziwa. Masika moja mawimbi yalilibeba jiko la nje lote, na kutoka ukingoni hadi kaburini ikabaki nafasi ya kutandika mkeka tu. Mektilda akatupa ufagio. Akaenda mtoni, kule maji yanapoingia ziwani, mahali ambapo hakuna mke wa mtu anayefagia, akachimba mashina ya matete na kukata vijiti vya mkuyu. Akavipanda ukingo mzima. Majani yaliyojiotea yenyewe hakuyagusa.

"Ukingo huu ulikuwa na nguo zake," alituambia. "Sisi ndio tuliouvua."

Walimcheka kisimani, wakamcheka kanisani. Walimcheka hata waliokuwa wakihamisha vitanda kwa kuogopa mawimbi! Lakini baada ya masika mbili matete yalikuwa yamempita kimo, na udongo wake ulikuwa umetulia mahali pake. Yeye hakumjibu mtu. Mimi nilitamani awajibu.

Zikaja enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Wafanyabiashara wa Makambako, waliokuwa hawatujui, wakaanza kuteremka milima kutafuta usipa, dagaa wa ziwa letu. Mmoja wao, Kheri, alitaka kununua ufukwe mpana wa kuanikia. Basil, mdogo wa marehemu Romani, akaona bahati imemwangukia. Akawaambia wazee wa ukoo kwamba shemeji yake abaki na nyumba, ila ule ufukwe ulioota pori ni mahame, na mahame kwa mila hurudi kwa ukoo. Wazee walitazama matete, wakatikisa vichwa kukubali. Jumamosi pangefyekwa, kaburi na yote, Kheri aje kukabidhiwa.

Nilikimbia kumpelekea habari.

"Mahame!" akasema Mektilda. "Basil anajua mila nusu. Mahame ni pale mafiga yalipopoa."

Ni kweli. Kwetu, penye moto wa mwanamke pana mwenyewe, na anayekula penye moto huo amekwisha kumkubali mwenyewe. Jumamosi asubuhi Mektilda alibeba mafiga yake matatu, akayapanga katikati ya matete, kando ya kaburi. Hakukata hata jani. Akabandika maji ya ugali wa muhogo, na usipa pembeni.

Basil akatokea na panga lake, pamoja na vijana wenye mapanga, Kheri akiwa nyuma, miguu imejaa vumbi la milimani. Waliuona moshi, wakasimama.

"Kamwene, shemeji," alisalimia Mektilda bila kuinuka. "Karibuni chakula."

Kheri, mtu mwenye njaa na adabu zake, alisema, "Ahsante, mama." Akanawa, akaketi chini, akala. Wengine wote walibaki wamesimama. Alipomaliza alimtazama Basil.

"Bwana, si uliniambia hapa hapana mtu?"

"Huyu ni shemeji yangu. Mkaidi tu."

"Mkaidi, ndiyo," akadakia Mektilda. "Ukaidi wangu ndio uliomshika kaka yako asichukuliwe na maji. Wewe ulimshika kwa kitu gani?"

Hapo, kutoka kundi la wanawake ufukweni, nilipiga kigelegele. Hakikuwa cha adabu, na sijutii.

Kheri akasimama, akakung'uta mchanga. "Mimi nimeshakula kwa mwenye mji. Siwezi kuununua kwa mtu mwingine."

Vijana wakaanza kutazama mapanga yao kana kwamba ni ya watu wengine. Mektilda akapakua sahani nyingine, akaimwagia mchuzi, akaisogeza mbele ya Basil pamoja na maji ya kunawa.

"Kula, shemeji. Au fyeka. Yote mawili hutaweza."

Basil alilitazama kaburi la kaka yake, akatazama matete, akatutazama sisi wanawake tuliokwisha kujaa ufukweni kumsubiri. 

Akaweka panga chini, akanyoosha mikono anawishwe.